Malalamiko Kuhusu Mgeni Aliyekalia Kiti cha Mgeni

Genowefa Sobótka,
Mtaa wa Kiwandani, nyumba namba 4, ghorofa ya chini.
18 Desemba

Kwa Baba Paroko Radosław,
Nyumba ya Mapadre, hapa hapa mjini.

YAH: SAHANI YA MGENI NA MTU ALIYEILIA

Baba Paroko Mheshimiwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo ulipo umeshaitikia "milele na milele, amina," kwa hiyo salamu tumezimaliza na naingia kwenye shida yangu moja kwa moja.

Mimi ni muumini wa parokia hii tangu nibatizwe, miaka sitini na tisa sasa. Arobaini kati ya hiyo nilikuwa mpishi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya kanisa, na mtu yeyote wa mji huu aliye chini ya miaka hamsini amekula supu yangu, akiwemo meya, ambaye alikuwa haimalizi. Sijawahi kumwandikia padre yeyote malalamiko, hata yule aliyekutangulia, aliyekuwa akihubiri mpaka viazi vinaungua majumbani. Kwa hili nimesubiri mwaka mzima hasira ipoe. Haikupoa. Sasa Noeli nyingine hiyo imefika, samaki wa mkesha tayari anaogelea kwenye hodhi la kuogea, mume wangu Edek hajaoga tangu juzi, na mimi nimeona nisipoandika leo basi tena.

Jambo lenyewe unalijua, maana wewe ndiye uliyelianzisha. Mkesha wa Noeli uliopita, nyumbani kwangu alikuja mgeni asiyetarajiwa.

Naomba usitabasamu, Baba Paroko. Mimi sitabasamu.

Kila nyumba ya mji huu, mkesha wa Noeli, hutandika sahani moja zaidi kwa ajili ya mgeni anayeweza kutokea. Bibi yangu aliitandika hata wakati wa vita, wakati hakukuwa na cha kuitilia. Mama aliitandika. Mimi naitandika. Na katika miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuja, na hapo ndipo ulipo uzuri wa desturi yenyewe. Ni kama kwenye treni, mtu akimenya yai lake la kuchemsha akamwambia jirani, "Karibu." Jirani mwenye adabu hujibu, "Ahsante, nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma, na wote wawili wanafika waendako wakiwa wamefurahi. Hebu fikiria jirani akisema, "Haya, lete."

Basi bwana mmoja aitwaye Zenon Gawlik, muuza miti ya Noeli kutoka milimani, lori lake liligoma kuwaka pale uwanjani saa nane mchana. Maduka yalikuwa yamefungwa, mabasi yamesimama. Akaingia kanisani kuota joto, akakuuliza pa kula. Nawe, ukiwa na miezi minne tu tangu uletwe kwetu, ukamjibu hivi, na amenisimulia mwenyewe neno kwa neno: "Mzee, leo hakuna nyumba isiyo na sahani yako. We gonga mlango wowote."

Mlango wowote! Mji una milango zaidi ya elfu mbili. Akagonga wangu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Alikuja.

Hili peke yake lingetosha, lakini nitaeleza. Tunakaa ghorofa ya chini, na pazia lilikuwa wazi kwa sababu dada yangu mkubwa, Jadwiga, alikuwa dirishani akiitafuta nyota ya kwanza ili tuanze kula. Jadwiga haoni vizuri, kwa hiyo kazi hiyo humchukua muda. Huyo bwana akapita nje kwenye theluji, akatuhesabu kupitia kioo kama anahesabu miti yake: watu watatu, sahani nne. Akabonyeza kengele. Mume wangu Edek husikia kwa sikio moja tu, na hilo moja hulichagulia cha kusikia, lakini kengele ile aliisikia kabla yangu. Nilipofika mlangoni nikamkuta mwanamume wa makamo, kofia mkononi, ndevu zimeganda barafu. Akasema, "Samahani mama, nimeambiwa mna sahani yangu."

Kwa sauti ya mtu aliyekuja kuchukua mwavuli aliousahau! Nani aliyewahi kufundishwa la kumjibu mtu wa namna hiyo? Nilikuwa bado natafuta neno la heshima la kumwambia kwamba sahani ipo lakini haipo, Edek akapayuka kutoka ndani: "Aingie, aingie, baridi hiyo!" Yaani alichokiogopa Edek ni baridi.

2. Aliharibu hesabu.

Baba Paroko unafahamu kwamba meza ya mkesha haikaliwi na idadi witi, kwani mmoja wa waliokaa hatauona mkesha mwingine. Najua Kanisa halifundishi hivyo. Mama yangu alifundisha hivyo. Sisi tuko watatu, mimi, Edek na Jadwiga, na sahani ya mgeni ni ya nne, basi tumekuwa tukikaa kwa amani na hesabu yetu shufwa. Huyu bwana alipoikalia ile ya nne, mgeni hakuwa na sahani tena, na desturi inasema sahani tupu lazima iwepo. Nikatandika ya tano. Jadwiga akasema, "Tano ni witi," akanitazama mimi, si Edek wala mgeni, mimi. Nikatandika ya sita. Sasa nikawa na sahani mbili tupu, maana yake wageni wawili zaidi, na kama ungeniletea na hao ningetandika ya saba, kisha ya nane kwa ajili ya witi, na kwa mwendo huo meza ingetoka nje ya mlango, ikashuka Mtaa wa Kiwandani, ikavuka reli, na mji mzima ungekuwa unakula kwangu. Nilikuwa na samaki mmoja.

3. Alikula.

Sisemi alionja. Vyakula ni kumi na viwili, na kila mtu wa hapa anajua kwamba mgeni huonja kijiko kimoja kimoja, husema "mm," na huweka kijiko chini. Yeye alikula. Alikula samaki wa chumvi kwa vitunguu, alikula kabichi iliyochachuka kwa njegere, akala pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha, mpaka nikaanza kuzihesabu. Supu ya bitiruti aliomba mara tatu. Visikio vyangu, vile vya unga vilivyojazwa uyoga, alikichukua kimoja kwenye kijiko akakiinua kwenye mwanga akakigeuzageuza, akaniuliza, "Mama, hizi kona unazikunjaje zisifumuke?"

Nimepika miaka arobaini kwa watoto mia tatu kwa siku, na nyumbani miaka arobaini na mmoja, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninazikunjaje. Ikabidi nimwonyeshe kwa kitambaa cha meza. Supu yangu ikapoa.

Akala na kutia, ile ngano yetu tamu ya asali, akasema ni kama ya marehemu mama yake, ila mama yake alikuwa anaongeza kokwa za jozi kidogo. Looh! Kwenye nyumba yangu, kwenye ngano yangu, na asali yangu! Nilijaribu mwezi wa pili kuongeza jozi, na kweli inapendeza, lakini hilo halimhusu.

Madhara ya lalamiko hili yanaendelea hadi leo. Edek alikuwa anakula anachopewa na kunyamaza, na ndoa yetu ilikuwa nzuri. Siku ile alimwona mwanamume mwenziwe akisema, "Ipo nyingine?" na akapewa. Tangu hapo kila siku ya Mungu: "Genia, ipo nyingine?" Ananisifia na supu. Nikimuuliza anataka nini, anasema hataki kitu.

4. Jadwiga ameanza kupaka rangi ya mdomo. Ana miaka sabini na minne. Sitaongeza neno.

5. Mti.

Hakuja mikono mitupu, nitasema haki ya Mungu. Alikuja na mti wa mwisho kwenye lori, uliopinda mgongo, ambao hakuna aliyeutaka, nasi mti tulikuwa nao. Edek akautia kwenye ndoo ya udongo kwenye kibaraza cha nyuma kwa kuwa ulikuwa na mizizi. Miti ya Noeli kazi yake ni kufa baada ya sikukuu, hiyo inajulikana. Huu umegoma. Umetoa machipukizi. Edek anauita "Zenek", kifupi cha Zenon, na kuuaga akienda dukani.

6. Aliuliza.

Hapa, Baba Paroko, naomba usome polepole, maana hapa ndipo penye kesi yenyewe, na hayo mengine yote ningeweza kuyameza.

Sahani niliyomwekea mgeni ina picha ya jogoo wa buluu, na ukingoni imemeguka. Ni ya mwanangu Tomek. Aliilia uji, akaimegua akiwa na miaka mitano kwa kuipiga kijiko, na akakataa nyingine yoyote mpaka alipokwenda jeshini. Nasema hadharani kwamba sahani ya mkesha ni ya mgeni yeyote. Ila ukiniuliza peke yangu, jikoni, mlango umefungwa, nitakwambia kwamba kwa miaka minane iliyopita haikuwa ya mgeni yeyote, ilikuwa yake.

Wewe ni mgeni hapa kwa hiyo huenda hujasimuliwa, ingawa katika mji huu nashangaa. Mkesha wa miaka tisa iliyopita Tomek alikuja pamoja na mchumba wake Agata, wamesafiri kwa basi tangu alfajiri. Nikamkuta jikoni, nyota bado haijaonekana, amekata kipande cha soseji ya kesho yake anakula amesimama. Nyama, siku ya mfungo wa mkesha! Mbele ya mchumba nikamwambia: "Kama huwezi kungoja nyota, nenda ukale huko wasikongoja." Nilisema kama ninavyowasemesha watoto wa shule, walikuwa hawachukii. Yeye aliweka kisu, akavaa koti, akaondoka na Agata. Hatukumegeana hata ule mkate mwembamba wa Noeli. Miaka yote tulikuwa tunamegeana na kutakiana heri, mimi na yeye wa kwanza kabla ya wengine, na mwaka ule nilibaki na nusu yake mkononi nisijue niiweke wapi. Mwezi wa tatu akaenda Norwe kwenye kiwanda cha samaki. Amefunga ndoa huko. Ana binti anaitwa Hania, ana miaka sita, ana meno ya mbele yameng'oka. Nimeona picha. Edek hushuka ghalani kuchukua matango ya siki na hurudi baada ya saa nzima. Matango hayachukui saa nzima, na mimi si mjinga, lakini sijawahi kuuliza.

Kwa hiyo kila mkesha nikawa natandika jogoo. Edek akiona ananyoosha kitambaa cha meza. Jadwiga akiona anaanzisha wimbo. Tulikuwa tunaelewana vizuri sana hapo mezani.

Ndipo huyu bwana anamaliza kutia, anaona jogoo amejitokeza chini ya ngano, anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii sahani ya nani?"

Edek akatazama kichwa cha samaki. Nikajibu, "Ya mgeni."

Akasema, "Mama, mgeni hawekewi sahani ya mtoto."

Sijui kilichonipata. Nikamwambia yote, soseji, koti, Norwe, mtu nisiyemjua hata jina la ukoo. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakunipa pole. Akauliza neno moja tu: "Umemwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba sahani ipo."

Nikamwambia, bwana wee, mimi ni mama yake, nimetandika miaka minane, sahani yake mwenyewe, mahali pake mwenyewe, mtu anahitaji kuambiwa nini tena? Akasema, "Mimi nimeiona kwa sababu nilikuwa dirishani. Yeye yuko Norwe."

Nililia, Baba Paroko. Naandika bila kificho kwa kuwa Jadwiga atakwambia kwa kutia chumvi. Nililia kwenye bilauri ya maji ya matunda makavu mpaka Edek akaniondolea bilauri. Sasa niambie: je, hii ndiyo kazi ya mgeni? Mgeni wa mkesha ana ruhusa ya kula. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ana ruhusa ya kuuliza.

7. Postikadi.

Alilala kwenye kochi, asubuhi Edek na majirani wakamsukumia lori, akaondoka. Nikadhani yameisha. Pasaka ikaja postikadi, mbele kondoo, nyuma maneno haya tu: "Umemwambia? Z. Gawlik." Mwezi wa sita ikaja nyingine, yenye mlima. Mwezi wa nane, siku ya Kupalizwa Bikira Maria, nyingine. Watakatifu Wote, nyingine. Neno lile lile moja, hata salamu hana.

Postikadi, kama ujuavyo, haina bahasha. Mleta barua wetu anasoma, na mleta barua akisoma mtaa mzima umesoma. Nikiwa foleni ya mkate: "Genowefa, vipi, umemwambia?" Kwa daktari wa meno, nimeachama mdomo wazi, vyuma ndani: "Umeshamwambia?" Na mwaka huu makaburini, nikiwa namwashia mama yangu mshumaa, wewe mwenyewe Baba Paroko ulinishika mkono ukaninong'oneza, "Mama Sobótka, umemwambia?" Sikukujibu kwa heshima ya marehemu.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu ofisi yako itangaze mambo yafuatayo Jumapili hii, kabla ya baraka ya mwisho, wakati watu bado wamesimama:

Kwamba sahani ya mkesha ni sahani tu. Anayetaka kuitumia atoe taarifa kwa maandishi siku saba kabla, akitaja jina, idadi ya mabakuli ya supu anayotegemea kula, na kama ana maoni yoyote kuhusu jozi.

Kwamba mgeni asiyetarajiwa asiulize jambo lolote isipokuwa chumvi iko wapi.

Kwamba ikilazimu kuwagawa wageni, waanzie Mtaa wa Kanisani, ambako pierogi wananunua zikiwa tayari zimegandishwa, na kila mtu anajua, ila wanajitia hamnazo.

Kwamba bwana Gawlik, ambaye yuko uwanjani na lori lake tangu Jumatatu, asiruhusiwe kuingia kanisani kuota joto. Edek ameniambia amefunga betri mpya. Sitegemei betri.

Na kama hayo yote hayawezekani, basi desturi yenyewe ifutwe. Wanaokula wanne watandike sahani nne, na anayepita nje kwenye theluji apite.

Nimemaliza. Sina nongwa nawe binafsi, mahubiri yako ni mafupi na tunakuombea uzidi hivyo hivyo. Nisalimie mpishi wako, mwambie bitiruti za supu azichachushe siku tano na si mbili, mwaka jana ilijulikana mpaka sakristia. Msalimie mpiga kinanda na mkewe na ule mguu wake. Masista wote wasalimie, hata yule asiyenipenda. Edek anakusalimu, Jadwiga anakusalimu mara mbili. Natarajia jibu lako kabla nyota haijatoka.

Mimi muumini wako mtiifu, aliyekosewa,

Genowefa Sobótka

N.B. (21 Desemba)

Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usishangae bahasha kuwa na mikunjo.

Nimemwambia.

Juzi jioni nilishuka mwenyewe ghalani kuchukua matango, na nilichukua na simu ya Edek. Nikampigia Tomek. Akapokea, "Baba?" Nikasema, "Si baba." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, mengine mazuri, yote yakayeyuka. Nikasema, "Sahani yako ipo."

"Sahani gani, mama?"

"Ya jogoo."

"Ile iliyomeguka ukingoni?"

"Hiyo hiyo. Huu mwaka wa tisa naitandika."

Akasema, "Mama, sasa mbona hukusema?" Nimesoma mpaka darasa la kumi, Baba Paroko, nimelisha mji huu miaka arobaini, na nikamwambia supu inaungua, nikakata, na ghalani hakuna hata jiko. Nikakaa juu ya gunia la viazi. Edek akaja kunitafuta baada ya saa nzima, na hakuniuliza kuhusu matango.

Wanafika tarehe ishirini na tatu, yeye na Agata na Hania. Nimenunua soseji. Nimeiweka jikoni mahali pa wazi, na kisu pembeni. Akiitaka kabla ya nyota aile, akiitaka amesimama aile amesimama, na dhambi hiyo niandikie mimi.

Sasa kuna jambo dogo la hesabu. Mimi, Edek, Jadwiga, Tomek, Agata, Hania: sita. Jogoo anarudi kwa mwenyewe, kwa hiyo natandika sahani nyingine tupu ya mgeni: saba. Saba ni witi. Nimezigeuza kila namna, saba inabaki saba. Mwaka huu hasa siwezi kukaa na witi mezani, naomba unielewe. Anahitajika mtu mmoja.

Mimi mwenyewe siwezi kwenda uwanjani kumwita kwa kuwa nina kesi naye, kama ulivyosoma hapo juu. Wala usimwambie kwamba nimemwita, maana hapo atakuwa mgeni anayetarajiwa na haitakuwa desturi tena. Wewe mwache aingie kanisani aote joto. Mwambie kama mwaka jana, agonge mlango wowote, kisha mwoneshe ni upi. Pazia litakuwa wazi. Kutia ina jozi.

Ukimpata, tutakuwa nane pamoja na sahani tupu, na hesabu itakuwa imekaa. Kwa hiyo wewe Baba Paroko tafadhali usije, tutakuwa tisa.

Ukija, njoo na mtu.